Bandi na Shikizo: Habari za Kukaza Ukingo wa Mfarishi katika Nchi ya Kyela

Kila msomaji wa Injili alijua neno pindo tangu utoto wake, kwa sababu ya yule mwanamke aliyegusa pindo la vazi. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliojiuliza pindo ni nini katika kazi ya fundi, na kwa nini nguo isiyo nalo haidumu. Na wachache zaidi wamefikiri ya kuwa iko kazi moja, yaani mfarishi uliodariziwa kwa cherehani, ambayo pindo peke yake haliitoshi, wala taraza peke yake haiitoshi, usipotangulia mshono mwingine chini yake. Habari za mshono huo mdogo ndizo tutakazo kuzieleza hapa, jinsi ulivyofika huku mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na jinsi neno moja tulilolitumia mahali pasipo pake lilivyoharibu kazi ya wanawake 11.

Mfarishi ni nguo ya kujifunika au kulalia, yenye tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini, zote zimeshonwa pamoja kwa mishono mingi ipitayo kutoka upande mmoja hata wa pili. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutandika. Kushona mishono ile ni kudarizi, nalo hilo lina asili ya Kiajemi, darz, maana yake mshono; Wahindi nao humwita mshonaji darzi. Watu wa pwani waliifahamu kazi hii zamani sana. Atakaye kuiona na atazame kofia ya viua, maana ni tabaka mbili za bafta nyeupe zilizodariziwa kwa mkono kwa subira ya miezi.

Huku Kyela mtu aweza kuuliza, Mfarishi wa nini katika nchi ya joto? Ni kweli, uwanda wetu uko karibu mita 475 tu juu ya bahari, na usiku wa Novemba hata shuka ni mzigo. Lakini mwenye homa ya malaria hutetemeka hata Kyela, na mtoto mchanga hutandikiwa kitu laini. Tena sokoni kwetu hushuka watu wa Tukuyu, ambako ni mita 1500 na zaidi, na watu wa milima ya Livingstone, ambao baridi yao haina mzaha. Hao ndio wanunuzi.

Basi, miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na darasa la kushona katika usharika mmoja wa uwandani. Wanafunzi walikuwa wanawake 11, wengi wao wajane, nao walikusudia kuuza mifarishi ili wapate ada za shule za watoto. Walikwisha kudarizi mifarishi saba. Tukawaambia, “Sasa pigeni bandi ukingoni pote, kisha tieni taraza.” Bandi waliijua vema: ni mshono mrefu wa muda, wa kushikanisha nguo mpaka mshono wenyewe upite, kisha hufumuliwa. Wakapiga bandi. Na kwa kuwa walikuwa wanafunzi wema, wakaifumua yote kabla ya kutia taraza, kama tulivyowafundisha wenyewe juu ya mikono ya magauni. Sisi siku ile hatukuwapo. Tulikuwa kwenye kikao.

Mifarishi ikauzwa yote. Hata masika yalipokwisha, mama mmoja akashuka kutoka milimani na mfarishi wake kichwani. Baada ya “Mugonile” na majibu yake, akauweka chini mbele yetu akasema, “Mwalimu, tazama, pamba inatoka kama matumbo ya samaki.” Na ndivyo ilivyokuwa. Taraza ilikuwa imeshika kitambaa cha juu tu mahali pengi. Kitambaa cha chini kilikuwa kimerudi ndani, na mishono ya darizi ilikuwa imefumuka kutoka ukingoni kwenda katikati, upana wa vidole vitatu, mahali pengine vinne.

Tulikwenda na mfarishi ule kwa fundi mmoja mzee, ashonaye barazani sokoni Kyela. Akaugeuza, akavuta uzi mmoja kwa kucha, akauliza tuliwaambia nini wale wanawake. Tukamweleza. Akacheka sana, akasema, “Mwalimu, bandi ni mgeni, hulala usiku mmoja akaenda zake. Huu ulioutaka wewe ni mwenyeji.”

Neno lile lilitufanya tutafute habari za kale, kwa maana tuliona aibu ya kufundisha kazi tusiyojua majina yake.

Nguo ya asili ya Wanyakyusa ilikuwa gome la mti. Gome hulowekwa na kupondwa kwa nyundo ya mti mpaka nyuzinyuzi zake zipanuke na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Nguo ya namna hiyo haina mtande wala mshindio. Ikikatwa, ukingo wake haufumuki. Yaweza kuchanika, na ikichanika hutiwa kiraka, lakini haidai pindo. Ndiyo nguo waliyoiona wageni wa kwanza wa Ulaya, Elton na Cotterill mwaka 1877, na Joseph Thomson mwaka 1879, ambaye aliisifu mno nchi hii kwa migomba yake na usafi wa vijiji vyake. Palikuwako wafumaji wa pamba katika nchi nyingine: Burton aliona vitanda vya mfumi katika Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, na Livingstone akaviona katika bonde la Shire muda mfupi baadaye. Nguo ya mfumaji hutoka kitandani na matamvua yake, na kuyafunga matamvua vifundo ndiyo njia ya kale kuliko zote ya kukaza ukingo.

Kisha ikaja nguo ya biashara, merikani nyeupe na kaniki nyeusi, kutoka pwani na kutoka kusini kwa njia ya ziwa. Wapagazi na vibarua wa nchi za Nyasa walilipwa kwa nguo hizo, zikipimwa kwa mkono, yaani toka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Hapa na tutazame vema, maana ndipo neno pindo lilipoingia na haja yake. Jora la merikani lina kingo mbili zilizofumwa imara na kiwanda, moja kila upande wa urefu. Lakini mwenye duka akatapo shuka, ncha mbili hubaki wazi, na nyuzi za mshindio huanza kutoka siku ile ile. Mvaaji wa shuka isiyopindwa huvaa nguo ipunguayo. Hata leo mwanamke anunuapo doti ya kanga hupeleka kwanza kupindwa zile ncha, ndipo avae. Hakuna aliyemfundisha darasani. Ni desturi iliyozaliwa na mkasi.

Mwaka 1891 wakafika wamisioni wa Kimoraviani na wa Berlin, wale wakajenga Rungwe, hawa wakajenga Wangemannshöhe, na baadaye vituo vya ziwani. Mwaka 1893 meli Hermann von Wissmann ilianza kusafiri ziwani, na mizigo ikawa rahisi kuja. Wake za wamisioni walifundisha wasichana kushona, kama ilivyokuwa desturi ya misioni karibu zote za wakati ule. Nao walifundisha kwa lugha gani? Kwa Kinyakyusa. Misioni zote mbili zilipendelea lugha ya wenyeji katika kanisa na shule, tena hazikukipenda Kiswahili, kwa kukidhania kuwa mlango wa Uislamu. Hatuwalaumu kwa kuipenda lugha ya watu; twafurahi kwamba waliandika kwa Kinyakyusa. Lakini jambo moja lilifuata ambalo hawakulikusudia: wanawake wa huku walijifunza sindano pasipo kupata maneno ya pwani, ambako ushonaji ulikuwa na majina yake kamili tangu karne nyingi.

Cherehani ilikuja kwa njia nyingine. Hiyo ilikuwa ya mwanamume, barazani mwa duka, na lugha yake ilikuwa Kiswahili, hata jina lake, ambalo wajuzi hulihusisha na neno la Kiajemi charkh, yaani gurudumu. Kwa hiyo palikuwa na mito miwili ya ushonaji katika nchi moja: mto wa wanawake, wenye sindano na Kinyakyusa, na mto wa mafundi, wenye gurudumu na Kiswahili. Vita vya 1914 hata 1918 viliukatiza wa kwanza. Waingereza waliingia Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu, mwaka 1916, wamisioni wa Kijerumani wakaondolewa, Waskoti wa Livingstonia wakaviangalia vituo vyao, na Wajerumani hawakurudi hata 1925 na 1926. Wakati wa vita nguo ziliadimika sana, bandari zikiwa zimefungwa. Kukutana kwa mito ile miwili kulikuja baadaye sana, baada ya uhuru, ilipoundwa UWT mwaka 1962, na hasa tangu 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, vikundi vya wanawake vilipoketi mbele ya cherehani na kufundishwa kwa Kiswahili. Sisi walimu wa leo ni watoto wa makutano hayo. Twajua cherehani, twajua Kiswahili. Lakini maneno ya ukingo tumeyapata nusu nusu.

Sasa na tuueleze mshono wenyewe, kwa maana pasipo kuufahamu, ubishi wa maneno ni upepo.

Mshono wa mkono una uzi mmoja, na mwisho wake hufungwa kifundo. Mshono wa cherehani za kawaida una nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano, uzi wa chini hutoka katika bobini, nazo hukumbatiana katikati ya unene wa nguo. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa mshono huo mwaka 1846, na Isaac Singer hati yake mwaka 1851. Kabla yao Mfaransa Thimonnier alitengeneza, mwaka 1830, mashine ya mshono wa mnyororo, wenye uzi mmoja unaojipita wenyewe. Mafundi wa Paris wakazivunja mashine zake kwa kuhofia chakula chao. Mshono wa mnyororo ukikatika na kuvutwa hufumuka wote kama hadithi ya mlevi. Mshono wa nyuzi mbili ni mwaminifu zaidi, lakini si kwamba haufumuki. Ukikatwa, kumbatio la mwisho halina kinachoushika. Ukiguswa huachia moja, ukivutwa huachia la pili, ukifuliwa huendelea.

Na mfarishi sharti ukatwe. Fundi huanza kudarizi katikati na kwenda kingoni, ili mikunjo isukumwe nje, na mistari yake huipita mipaka ya mfarishi. Kisha kingo hunyoshwa kwa mkasi, na kila mstari hukatwa ncha zote mbili. Tulihesabu katika mfarishi mmoja wa inchi 60 kwa 80, wenye mistari iliyopishana inchi 2 kwenda urefu na kwenda upana. Mistari ni 29 na 39, jumla 68. Ncha zilizokatwa ni 136, na kwa kuwa kila ncha ina nyuzi mbili, nyuzi zisizoshikwa ni 272. Nani atakayefunga vifundo 136? Cherehani nyingi za zamani, tena, hazikuwa na njia ya kurudisha mshono nyuma. Fundi aliinua mguu wa cherehani kidogo akashona mara tatu mahali pamoja, akaendelea.

Twaweza kuliepa jambo hili lote kwa kutodarizi. Wanawake wa Kilutheri wa Marekani, kwa mikono ya shirika lao la msaada lililoanzishwa mwaka 1945, wamepeleka katika nchi nyingi, na Tanzania imo, mablanketi ya vipande ambayo mengi yake hayakudariziwa, bali yamefungwa kwa vifundo vya uzi mnene hapa na hapa. Vifundo havifiki ukingoni, kwa hiyo mkasi hauvikati. Ni kazi ya haraka na njema. Lakini wanunuzi wa Tukuyu wataka mistari, nao ndio watoao fedha.

Dawa, basi, ni mstari mmoja wa cherehani uzungukao mfarishi wote, ndani ya mpaka, nusu ya robo inchi tu kutoka ukingoni. Mstari huo huzikanyaga ncha zote 136 kwa safari moja, na hushikanisha tabaka tatu zisiteleze. Kisha taraza hushonwa kwa robo inchi, na mstari ule hulala ndani yake usionekane tena. Haufumuliwi kamwe.

Juu ya zamu ya kazi mafundi hawapatani. Wengine hukata kwanza, ndipo washone mstari, kwa sababu ukingo uliokwisha kukatwa ni mwepesi kugeuzwa chini ya cherehani ndogo, wala pamba ya ziada haiwasumbui. Sisi twafuata walio kinyume chao: chora mpaka kwa chaki na rula, shona mstari, ndipo ukate. Sababu yetu ni kwamba kati ya mkasi na mshono mfarishi hukunjwa, hugeuzwa, hubebwa na watoto, na kila tendo hulegeza ncha kadhaa. Lakini ukingo uliokwisha kushonwa, mkasi hauna la kuuharibia. Katika nchi hii iko na sababu nyingine. Mvua ya Kyela hupita milimita 2000 kwa mwaka, na mwanamke akikata leo, huenda asirudi darasani kwa juma zima, maji yakiwa yamejaa njiani.

Hatari ya mstari huu ni moja, na yafaa mwalimu aijue. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu wake huzuia cha juu. Mshonaji akivuta kwa mkono, ukingo hutanuka, na mfarishi ukitandikwa hupinda pinda kama jani la mgomba uliopata jua. Legeza mguu wa cherehani, urefushe mshono kidogo, uanze katikati ya upande wala si pembeni, na mwisho upite juu ya mwanzo kwa inchi moja. Kisha pima: urefu wa ukingo usizidi urefu wa mfarishi katikati yake. Ukizidi, fumua upande huo ushone tena kabla ya kutia taraza, kwa maana baadaye hakuna atakayekuwa na moyo wa kufumua. Mistari ambayo huishia ndani, isiyofika ukingoni, haisaidiwi na mstari huu; uzi wake wa juu na uvutwe upande wa chini, ufungwe mara mbili na mwenziwe, na kuzamishwa kwa sindano ndani ya pamba.

Mvuvi wa Matema hahitaji kuelezwa hayo. Wavu wake wote umeshikwa na kamba ya ukingoni, na pasipo kamba hiyo wavu ni rundo la nyuzi. Na wenye kusoma Torati watakumbuka lile joho la kuhani katika Kutoka 28, ambalo tundu lake la kichwa liliamriwa liwe na ukingo uliofumwa kulizunguka, lisipasuke. Huko nako aliyeagiza hakusema kufunika tu, alisema lisipasuke.

Jina la mstari huo je? Tumekwisha kuona kwamba bandi si jina lake, kwa sababu bandi huondoka. Wala si pindo, maana pindo hutokana na kupinda, na hapa hakuna kilichopindwa. Wala si taraza, nalo ni neno la zamani la pwani kwa ule utepe wa kupamba na kukinga ukingo wa kitambi au kikoi, lililotoka katika tirazi ya Waarabu na Waajemi. Sisi twaona kwamba taraza lafaa sana kwa utepe ufunikao ukingo wa mfarishi, na ni afadhali kuliko kuazima jipya. Lakini kwa mstari ulio chini yake twapendekeza shikizo, kutoka kushikiza. Twajua litaletwa neno kinyume chetu, kwamba kushikiza nako hutumiwa kwa kushona kwa muda. Ni kweli katika kitenzi. Lakini shikizo, kama jina, ni kitu kinachobaki kikishika: shikizo la mlango, shikizo la kanzu. Hakuna mtu afungaye shikizo ili aling'oe kabla ya kutoka nyumbani. Mwanafunzi ajuaye bandi na shikizo kuwa ni maneno mawili hatakosa kuuliza lipi huondoka na lipi hukaa, na swali hilo peke yake lingaliokoa mifarishi yetu.

Kati ya mifarishi ile saba, tulipata kuirudisha mitano. Miwili ilikuwa imekwisha kupelekwa Makete, na hatukuiona tena. Wanawake wale hawakutulaumu, nasi tuliona uzito wa jambo hilo kuliko kama wangalitulaumu. Tulifumua taraza, tukakata sehemu iliyofumuka, vidole vinne kila upande, tukashona shikizo, tukarudisha taraza ile ile, maana sasa ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajiwa. Mifarishi ikawa myembamba. Yule mama wa milimani alipokuja kuuchukua wake aliupima kwa mikono yake, akanyamaza, kisha akasema kwamba mume wake alikuwa amekwisha kufa wakati wa masika, na kwa mtu mmoja wamtosha.